Mdundo wa Kufungia

Mwanangu Nyemo,

Sikuulizi hali, maana hali yako naijua. Saa saba mchana umekula ugali wa uwele na mlenda hapa hapa, ukalalamika kwamba mlenda umezidi chumvi, na bakuli ukalimaliza. Sasa umekwenda Mvumi kumuaga bibi yako, na nimjuavyo mama yangu, hatakuachia mpaka jua lipoe. Nina muda. Nimesogeza cherehani ukutani, nimechukua daftari la vipimo vya wateja, nakuandikia kwenye kurasa za nyuma. Ukigeuza karatasi ukakuta kiuno cha inchi arobaini na mbili usishtuke, hicho ni cha jirani yetu na kimeingia humu bila ridhaa yake.

Mambo ya safari sitayagusa. Baba yako amekuandikia karatasi nzima kwa herufi kubwa: chandarua, namba ya kiti, nani wa kumpigia ukifika, maji gani ya kunywa na yapi ya kuacha. Anaona haya kusema kwamba nyumba itakuwa kimya bila wewe, kwa hiyo anakuandikia habari za chandarua. Ipokee ile karatasi, uikunje vizuri mbele yake.

Mimi nataka kukuandikia habari za mpira.

Kesho unakwenda kuanza kazi redioni, kutangaza mechi. Nimesema hivyo kwa kila mteja aliyeingia humu ndani wiki hii, hata kwa yule aliyekuja kubadilisha zipu tu. Mtoto wangu, niliyembeba mgongoni huku nakanyaga cherehani, watu wataketi majumbani mwao wasione kiwanja wala mpira, waone kwa sauti yake. Najivuna, Nyemo. Sitaki kujifanya mnyenyekevu kwenye jambo hili. Na kati ya miji yote ya nchi hii unakwenda Mwanza, kwa wale wale tuliowaita Sangara, waliotutoa machozi! Nilipokwambia hivyo ulicheka ukasema, "Mama, miaka kumi na sita sasa, msamehe samaki wa watu." Nimewasamehe. Wao hawakutukosea kitu, walicheza tu mpaka mwisho. Aliyekosea ni mwingine, na hilo ndilo linalonikalisha hapa.

Unaikumbuka ile sauti uliyorekodi ya kuombea kazi? Ulisema walitaka dakika tano za kusimulia mechi yoyote, ukachagua mechi yetu ya mchujo, Uwele Stars na Sangara, mechi ambayo hukuiona kwa macho yako maana ulikuwa na miaka saba na siku ile ulikuwa kwa bibi. Ukaiweka kwenye kundi la ukoo kwenye simu. Nilisikiliza mara ya kwanza nikiwa nimesimama. Ulianza na vumbi, ukaenda kwenye malori ya watu wa Haneti, ukapandisha sauti bao baada ya bao mpaka nikajikuta nimeshika meza. Halafu ukafika kwa Hosea, beki wetu wa kushoto, yule tuliyempachika jina la Kufuli. Ukasema hivi, maneno yako nimeyashika: "Hapo ndipo Kufuli alipoufungua mlango kwa mkono wake mwenyewe. Wapo wanaosema aliuza mechi. Mimi nauliza tu, aliuza kwa bei gani?"

Watu waliipenda sana sentensi hiyo. Shangazi zako walituma vicheko. Mimi nililia, ukadhani ni furaha, ukanikumbatia. Nusu ilikuwa furaha kweli. Nusu nyingine nakuandikia sasa, maana hukuitunga ile hadithi. Uliipata humu ndani, ukikaa chini ya meza hii kuokota vipande vya vitambaa, huku wateja wanasimulia na mimi nashona kimya.

Sikiliza basi mechi yenyewe, kutoka kwa mtu aliyekuwepo.

Uwele Stars ilianzishwa na watu wa soko la nafaka, wapagazi na wenye mashine za kusaga, na jina lilianza kama utani. Timu za miji mingine zilikuwa Simba hawa na Chui wale, sisi tukajiita kwa nafaka tunayoila. Tulichekwa kila tulikokwenda. Lakini mwaka ule tulipanda mpaka tukabakiza mechi mbili za mchujo, na ukishinda hizo unaingia Ligi Kuu. Ya kwanza tulikwenda kwao, tukatoka suluhu bila bao. Ya pili ilikuwa hapa.

Siku hiyo mji ulihamia uwanjani. Watu wa Haneti walikuja juu ya malori ya nafaka na masuke ya uwele yamechomekwa kwenye kofia. Mapadri walikuja, walimu wa madrasa walikuja, na wafugaji walikuja na fimbo zao, askari wa getini akashindwa aziweke wapi. Na tulikuwepo sisi, wanawake sita wa muheme, ngoma zetu tumezibana mapajani kama kawaida ya muheme, mimi na ngoma kubwa katikati. Timu nyingine zilikuwa na matarumbeta ya kukodi. Sisi tulipiga bure, na wageni walikuwa wanakuja kutupiga picha wakati wa mapumziko.

Tulikuwa na mdundo wa kusubiri, mdundo wa kona na mdundo wa bao. Na tulikuwa na mdundo wa kufungia. Huo unaujua, umeusikia kwenye harusi ngapi: ngoma kubwa inagonga mara tatu peke yake, inanyamaza kidogo, halafu zote zinaanguka pamoja. Ukisikia huo, shughuli imekwisha. Mchezaji anashusha mikono, mpishi anafunika sufuria, mgeni anatafuta viatu vyake. Mtu aliyekulia huku kwetu haambiwi, mwili wake wenyewe unatii. Kundi letu lilikuwa na sharti moja tu uwanjani, na niliyeliweka ni mimi: wa kufungia haupigwi mpaka refa apulize filimbi ya mwisho.

Mpaka dakika ya themanini tulikuwa tunaongoza mabao matatu kwa bila. Matatu, Nyemo! Watu waliokuwa hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba walikuwa wameshikana mabega. Mwenyekiti wetu wa mashabiki, Mzee Shabani muuza vitambaa, alikuja amevua kofia yake ya kazi ya mkono anaipunga. Akainama sikioni kwangu.

"Mama Nyemo, funga kazi! Hawa wameshakufa, unasubiri nini?"

"Bado dakika, mzee."

"Dakika za nini? Funga kazi bwana, mji uingie Ligi Kuu kwa ngoma!"

Wenzangu walinitazama. Ningeweza kutikisa kichwa. Ukweli ni kwamba nilitaka. Nilitaka niwe mimi niliyeufunga mwaka ule kwa mkono wangu, uwanja mzima ukinisikiliza. Nikagonga mara tatu.

Uwanja mzima ukasimama. Kelele iliyotoka sijawahi kuisikia tena. Na upande wetu, karibu kabisa na jukwaa letu, Kufuli alikuwa anausindikiza mpira utoke nje, mgongo amempa winga wao, jambo alilolifanya mara mia msimu ule bila kukosea. Niliona mabega yake yakishuka. Nakwambia nilichoona kwa macho yangu. Mabega yalishuka, akageuza uso kwetu, akainua mikono yote miwili, anacheka. Winga wa Sangara hakuijua ngoma yetu, kwake yalikuwa makelele tu. Akauokota mpira mstarini akaondoka nao. Kufuli alipogeuka, wavu ulikuwa unatikisika.

Yaliyofuata umeyasimulia vizuri kuliko ninavyoweza. Woga uliingia miguuni mwa vijana wetu. Bao la pili lilikuwa penalti ya kuvutana jezi, la tatu likaja kwa kichwa, dakika za nyongeza, kipa wetu amekwishatoka golini. Tatu kwa tatu. Tukaenda kwenye mikwaju ya penalti na wa mwisho kwetu alikuwa Kufuli, aliyeomba mwenyewe apige. Akagonga mwamba. Wakati huo ngoma yangu ilikuwa imelala chini na mikono yangu nimeikalia.

Kuna jambo moja la jioni ile ambalo kwenye simulizi yako umelipa haki yake, nami nakushukuru. Hakuna aliyeondoka. Watu walibaki kwenye majukwaa, mtu mmoja wa Haneti akaanzisha wimbo, ukaimbwa na maelfu, na wale vijana wa Sangara wakasimama katikati ya uwanja wakatupigia makofi. Mpaka leo mtu wa Dodoma akikwambia alikuwepo siku ile, anakwambia kwa kifua mbele, ingawa tulifungwa. Na mimi hivyo hivyo.

Kwa hiyo ubaya wetu haukuanzia siku ile. Ulianza Jumapili iliyofuata, kwenye kikao cha mashabiki. Kila mtu alitaka jina. Wa kwanza akasema beki amelegea, wa pili akasema amelegezwa, na kabla chai haijapoa kila mtu alikuwa anamjua mtu aliyemwona Kufuli na mgeni wa ziwani. Uongo mtupu. Mzee Shabani akauliza, "Kuna mwenye neno?" Neno nilikuwa nalo. Nilimtazama mzee, naye akatazama kofia yake. Ndipo mtu mmoja nyuma akasema, "Kufuli lile limeuzwa pamoja na funguo zake!" Kikao kizima kikaangua kicheko.

Na mimi nilicheka.

Sijakwambia kwamba nilinyamaza tu, ona. Kunyamaza ningeweza kujitetea, ningesema niliogopa, nilikuwa na mtoto mdogo, nilikuwa mwanamke mmoja kati ya wanaume wengi. Kucheka hakuna utetezi. Nilicheka kwa sababu nilifurahi kwamba jina limepatikana na si langu. Kabla ya mvua za kwanza Hosea alikuwa ameacha mpira. Alikuwa hawezi kununua andazi bila kuulizwa bei ya mechi. Akarudi kwao Kibakwe, na timu yenyewe haikumaliza miaka mitatu.

Mzee Shabani alifariki, na sisi wawili jambo hili tulilitaja mara moja tu. Miaka michache kabla, alileta kitambaa cha kanzu, nikampima, na alipokuwa anatoka akasimama mlangoni akasema, "Nilikuharakisha." Nikamwambia, "Mkono ulikuwa wangu, mzee."

Mwezi uliopita, wiki ile ile uliyoweka sauti yako kwenye kundi la ukoo, nilikuaga nakwenda Kibakwe kununua vitunguu. Ulishangaa vitunguu gani vya kufuatwa mpaka milimani wakati soko liko hapa. Nilikwenda kumtafuta Hosea.

Nilimkuta shambani anafungua maji ya mfereji. Amenenepa, kichwa kimeingia mvi, lakini ule mguu wa kushoto anautanguliza vile vile. Alinitambua kabla sijasema kitu.

"Mbukwenyi! Mama wa ngoma! Shikamoo, mama Nyemo."

"Marahaba, baba." Na hapo hapo, nimesimama kwenye matuta, sijanywa hata maji, nikamwambia yote. Sharti nililoliweka na kulivunja, mara tatu za ngoma kubwa, mabega yake, kikao, kicheko. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima na yote yakatoka ovyo. Alinisikiliza huku ameegemea jembe.

"Mimi najua, mama," akasema. "Nilijua tangu mpira haujagusa wavu. Nilisikia mdundo wa kufungia, nikasema kichwani, tumemaliza, nimuone mama wa ngoma. Ndiyo nikageuka."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ningesema kwa nani? Siku ile ile wangepiga marufuku wanawake na ngoma uwanjani. Kamati ilikuwa inatafuta sababu siku nyingi, si unakumbuka walivyokuwa wanasema mnaleta ushamba? Nikasema, mimi ni mmoja, naweza kuondoka. Ngoma zikiondoka ule si uwanja tena." Akacheka kidogo. "Halafu usijibebeshe yote. Penalti niligonga mwamba mwenyewe, ile hamkuipiga ninyi."

Nyemo, nilikaa chini kwenye tuta. Miaka kumi na sita nilimwona kama mtu niliyemkosea, na ni kweli nilimkosea, lakini nilikuwa nimesahau kwamba yeye pia ana akili na alichagua. Tulikwenda tukapiga miaka miwili zaidi kwenye uwanja ule, mashabiki wakitushangilia, na aliyetulipia kiingilio alikuwa kule milimani anapanda vitunguu. Nilimwonea fahari mpaka nikashindwa kumtazama.

Baadaye mkewe alileta chai. Ndipo Hosea akasema, bila hasira yoyote, "Binti yako nimemsikia. Watu wametumiana mpaka imefika huku. Ana sauti, huyo. Nilikuwa naona uwanja." Akapuliza chai yake. "Tatizo ni hii ya bei gani. Mwanangu wa kike yuko darasa la tano. Wenzake wamemsikilizisha shuleni, akaja akaniuliza, baba, bei gani?"

"Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia sikuuza. Kaniamini, nadhani. Lakini bado anaisikiliza."

Nilimwambia nitakueleza, utairekebisha. Akakataa kwa mkono. "Sitaki anitetee, mama. Mtu akitetewa sana watu wanasema kuna kitu. Ila siku akiisimulia tena, aanzie bao letu la tatu. Ile pasi ilikuwa yangu."

Unajua nini? Sikuikumbuka. Mimi niliyekuwepo, ninayejidai nakumbuka rangi ya kanga za wapiga ngoma wote, nilikuwa nimesahau kabisa nani alitoa pasi ya bao la tatu. Niliirudia kichwani njia nzima ya kurudi, kupitia Mpwapwa mpaka Dodoma, na gunia la vitunguu miguuni, mpaka ikanijia. Aliuchukua mpira kwenye kona yetu wenyewe, chini kule. Akampita wa kwanza, akampita wa pili kwa kuusukuma upande huu na kukimbia upande ule, tukabadilisha mdundo kumfuata, na alipofika katikati hakuutazama hata mpira. Akauinua kwa ule mguu wa kushoto, mrefu, ukavuka uwanja wote, ukatua mbele ya mshambuliaji wetu, naye akawa hana kazi ila kugusa. Uwanja uliimba jina la mfungaji. Kufuli aligeuka akarudi kwenye nafasi yake anakimbia taratibu, anavuta soksi. Hiyo hakuna aliyewahi kuitangaza.

Sikuandikii haya uione aibu kazi yako. Ile sentensi ulisema kwa sababu ilikuwa tamu mdomoni, na mimi namjua mtu aliyepiga ngoma kwa sababu ilikuwa tamu mkononi. Tumefanana, mama. Uwanja ukikusikiliza, dakika moja ni fupi sana kwa kufikiri, nami sina dawa ya hilo, wala baba yako hakuiandika kwenye karatasi yake. Najua tu kwamba mimi ilinichukua miaka kumi na sita na safari ya Kibakwe, na wewe una kipaza sauti.

Wenzangu watano nimekwishawaambia, Jumapili iliyopita baada ya ibada. Nilidhani watanilaumu kwa kuwafukua. Mmoja akasema, "Hata sisi tuliangusha zetu baada ya yako." Tumekubaliana ukweli usemwe. Watu watasema, wateja watanitania mwaka mzima, vijiwe vyote vya kahawa vitaanza upya. Waache waseme. Nina umri wa kutosha kubeba ngoma yangu mwenyewe.

Kwa hiyo nenda, mwanangu, na uende ukijua kwamba sijawahi kujivunia kitu kama ninavyojivunia sauti yako. Na siku watakapokupa dakika tano za kusimulia chochote, isimulie ile mechi tena. Anzia pasi ya Hosea. Mpe muda wake wote, asikie binti yake. Halafu ukifika dakika ya themanini, ngoma inapoanza, usiseme "mashabiki walisherehekea mapema." Mashabiki hawana mkono. Sema alikuwa mpiga ngoma kubwa, jina lake Damari, fundi cherehani. Na wakikuuliza umejuaje, sauti isitetemeke. Waambie ni mama yako.